Madoa Meusi Katika Shamba la Dorosela

Siku Dorosela Mligo alipoingia ofisini kwangu Makambako akiwa na kopo la plastiki lililofungwa kwa kitambaa, nilidhani ameniletea asali. Alilifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na maiti thelathini hivi za viwavijeshi, wakavu, wagumu kama njiti za kiberiti, kila mmoja amevikwa unga wa kijani hafifu kuanzia kichwani hadi mkiani.

"Kamwene, bwana shamba. Nani amewaua hawa?" aliniuliza. "Mimi sijapuliza dawa yoyote. Nataka kumjua muuaji, nimwajiri."

Ilikuwa Januari, mahindi yakiwa yamefika magotini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini na shahada ya kilimo ukutani. Muuaji nilimfahamu kutoka vitabuni. Sikuwa nimewahi kuletewa kazi yake na mkulima aliyeigundua mwenyewe.

Dorosela alizaliwa upande wa Igwachanya, akaolewa akiwa na miaka kumi na tisa katika kijiji kimoja kando ya barabara ya kwenda Njombe. Mume wake, Hosea, alipasua mbao Makete mpaka siku mti wa msindano ulipokatika vibaya ukamwangukia kifuani. Waliomleta nyumbani hawakumruhusu mjane afunue blanketi. Wiki moja baada ya matanga, mdogo wa marehemu, Anania, alikuja kudai shamba. Dorosela alisimama mlangoni. Anania hakubishana naye. Alimpiga mara mbili kwa mpini wa jembe, na pigo la pili likauvunja mkono wake wa kulia chini ya kiwiko. Mfupa uliunga ukiwa umepinda. Msimu ule alilima kwa mkono mmoja, akilibana jembe kwapani, na nilipompita barabarani kwa pikipiki yangu ya ofisi nilimpungia mkono nikaendelea na safari. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanipendeza.

Mwaka wa nne wa ugomvi huo, Mzee Methodi, baba mkubwa wa Hosea na mkuu wa ukoo, aliitisha kikao. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: Dorosela alime msimu huu, mahindi yakianza kutoa mbelewele, ukoo utakuja kuliangalia shamba. Likiwa limesimama, ni lake mpaka kufa kwake. Likiwa limeliwa au limetelekezwa, Anania alichukue. Anania alijipiga kifua mbele ya wote akasema amekubali. Na miezi miwili baada ya kikao hicho, viwavijeshi waliingia.

Ndiyo maana alikuja na kopo lile. Kona moja ya shamba lake, karibu na kijito, ukungu wa asubuhi ulikuwa haukatiki hadi saa nne, na huko viwavi walikuwa wakifa wenyewe, wakiwa wamepanda hadi ncha za majani. Kwingine kote walikuwa wakila.

Nilikuwa na hadubini kuukuu. Nilimwomba kiwavi mzima, naye akamtoa katika kifuko cha nguo yake kama mtu anayetoa sarafu. Nilimchoma mguu kwa sindano, tone likadondoka juu ya kioo. Dorosela aliinama kwenye lenzi, akafumba jicho moja.

"Hii ni damu? Mbona haina wekundu?"

"Ndivyo ilivyo damu yao. Ina ukijani kidogo."

"Na hivi vinavyotambaa?"

"Ni askari wake."

Akainua kichwa. "Kiwavi ana askari? Mimi niliyefiwa na mume sina hata mgambo, yeye ana jeshi?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Mbegu ya kuvu, ndogo kuliko chembe ya vumbi, hunata kwenye ngozi ya kiwavi. Huota hapo, hujikaza, huiyeyusha ngozi kwa kimiminika chake na kuipenya kama kekee. Ikishafika ndani inakuta damu inayozunguka mwili mzima bila mishipa, na humo ndimo vita hupiganwa. Ziko seli za damu zinazomeza adui akiwa hai. Ziko nyingine zinazojipasua zenyewe na kumwaga kemikali zao, na mahali pale hugeuka kuwa peusi kama palipochomwa moto. Na adui akiwa mkubwa mno kumezwa, seli nyingine hujibandika juu yake zikiwa bapa, tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu, mpaka akose hewa na chakula afie humo. Kuvu nayo haiendi vitani uchi. Hujivika koti linaloficha sura yake, askari wapite karibu wasiitambue; hujigawa vipande vipande ndani ya damu; hutoa sumu inayowalegeza askari hadi wasiweze kushika kitu. Ikishinda, huyala matumbo, mafuta na misuli, mwenye mwili akiwa bado anatambaa. Mwisho humpandisha juu ya jani, humkausha, kisha huchipuka kupitia ngozi yake na kumwaga mbegu kwa upepo.

"Yaani anaingia kwa watu kwa kutoboa ukuta," Dorosela alisema, "halafu akiwa ndani anajifanya ndugu?"

"Ndiyo, unaweza kusema hivyo."

"Namjua mmoja," akasema, akafunga kopo lake.

Tulikubaliana afanye hivi: awatwange wale maiti kwenye kinu, achanganye na maji na tone la mafuta ya kupikia, achuje kwa kitambaa, kisha apulize jioni jua likiwa limelegea. Nilimkumbusha kusafisha bomba la kupulizia. Sikumuuliza angelitoa wapi wala lilikuwa limebeba nini kabla yake. Swali lile lingenichukua muda mfupi kuliko kufunga vifungo vya koti.

Siku ya tano baada ya kupuliza nilikwenda shambani. Viwavi walikuwa hai, lakini wengi walikuwa na madoa meusi ubavuni, madogo kama ncha ya kalamu. Dorosela alinishikia mmoja juu ya kiganja.

"Wana ndui," akasema kwa furaha. "Si ndiyo?"

Nilitazama. Nilijua weusi ule ni alama ya vita. Nikajiambia kwamba palipo na vita pana kuvu, na palipo na kuvu pana kifo. "Dawa imeingia," nilimwambia. "Subiri. Usipulize kitu kingine, utaiharibu."

Alisubiri. Alipita kila asubuhi kati ya mistari na mikono nyuma, asiguse kiwavi, kwa sababu mtu wa serikali alikuwa amesema subiri. Viwavi walikula. Walitoboa majani machanga yakiwa bado yamejikunja, yakafunguka yakiwa na safu za matundu kama yaliyopigwa risasi. Walikula moyo wa mmea na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Wakubwa waliwala wadogo. Katika mhindi mmoja nilimkuta mmoja amemshika mwenzake kiunoni, anamtafuna, na yule anayeliwa bado anatafuna jani. Siku ya kumi na nne robo nzima ya shamba ilikuwa imebaki mashina.

Anania alianza kupita njiani kila siku, kofia ya sufu kichwani, panga kwapani. Alikuwa akisimama mpakani na kupaza sauti.

"Shemeji! Mifugo yako imenona! Utachinja lini?"

"Nitakuanza wewe, ndiye uliyenona," Dorosela alimjibu bila kugeuka.

"Endelea kuwafuga. Mzee Methodi akija tutawala na ugali."

Siku hiyo ya kumi na nne niliwachukua viwavi sita wenye madoa, nikaenda nao kwenye hadubini. Niliwapasua mmoja mmoja. Chini ya kila doa nilikuta kidonge cheusi, na katikati ya kidonge mbegu ya kuvu iliyokufa, imefungwa na seli bapa zilizojipanga juu yake hadi nikashindwa kuhesabu tabaka. Damu iliyobaki ilikuwa safi, imejaa askari wazima. Nilikaa pale mpaka mgongo ukauma. Madoa yale hayakuwa majeraha ya viwavi. Yalikuwa makaburi ya dawa yetu. Nilikuwa nimemwambia mwanamke anayepigania shamba lake asubiri huku adui zake wakipona mbele ya macho yake, nami nikiwa ndiye pekee mwenye chombo cha kuliona hilo.

Kuvu iliyomuua kiwavi kando ya kijito ilikuwa kali. Hii ilikuwa imefika ikiwa chache na imedhoofika. Kwa nini? Nilirudi kumwuliza kuhusu bomba.

"Nililiazima kwa dada Conjesta," akasema. Conjesta alikuwa jirani yake, mkulima wa viazi, mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko. Tulimkuta anapalilia. Nilimuuliza bomba lake lilikuwa limebeba nini.

"Dawa ya ukungu ya viazi, nyingine ya nini tena? Mvua hizi usipopuliza kila wiki unavuna matope."

"Ulilisafisha kabla ya kumwazima?"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nilimwachia lita mbili nzima ndani! Nzuri, mpya! Bwana shamba, kwetu mtu hakuazimi bomba tupu, kama vile hakurudishii bakuli tupu. Unamwachia mwenzako chochote. Ni adabu."

Nilimgeukia Dorosela. "Nawe hukuimwaga?"

"Nimwage zawadi ya mtu?" alisema kwa mshangao wa kweli. "Nilichanganyia humo humo. Dawa na dawa, nguvu si inaongezeka?"

Niliwaeleza. Dawa ya ukungu hutengenezwa ili iue ukungu, na kuvu yetu, ule unga wa kijani, nayo ni ukungu. Lita mbili za adabu zilikuwa zimeliua jeshi la Dorosela ndani ya bomba kabla halijaona shamba. Wachache waliobaki nusu hai ndio waliopenya ngozi, na seli za kiwavi zikawamaliza. Conjesta aliweka jembe chini, akashika kichwa.

"Nimekuua, mdogo wangu."

"Hujaniua," Dorosela alisema. "Aliyeniambia nisubiri ni huyu hapa." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Aliitisha mgowe, kazi ya pamoja ambayo mwenye shamba huwalipa majirani kwa chakula na ulanzi, pombe ya mianzi. Walikuja wanawake saba. Siku mbili tulikusanya maiti wa kijani kando ya kijito, tukawatwanga wote. Safari hii hakuna aliyegusa bomba. Walibeba ndoo mpya, wakachovya fagio za majani na kukung'uta matone ndani ya moyo wa kila mhindi. Viwavi wakubwa, ambao ngozi na damu yao ilikuwa imekomaa, waliwang'oa kwa vidole na kuwapasua. Mikono ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko.

"Huyu ana tumbo kama la mwenyekiti wetu," mmoja akasema, akakandamiza, na kicheko kikapita mstari hadi mstari.

Manyunyu yalishuka siku tatu mfululizo. Siku ya nane niliwaona: viwavi wadogo juu ya ncha za majani, wamekakamaa, weupe kwanza, kisha kijani. Nilimpasua mmoja aliyekuwa bado hajafa. Damu yake ilikuwa imejaa vipande vya kuvu, na seli chache zilizobaki zimelegea, zimejikunja, hazishiki kitu. Majani mapya yalikuwa yakitoka bila tundu. Robo ile iliyoliwa ilikuwa imepotea; robo tatu zilikuwa zimesimama. Machi ilipoingia, mbelewele za kwanza zilichungulia, na Mzee Methodi akatuma ujumbe kwamba ukoo utafika Jumamosi.

Ijumaa asubuhi wanawake walikuwa wamerudi kwa palizi ya mwisho, nami nilikuwa kwenye kona ya kijito. Nilisikia sauti ya panga kabla sijamwona mwenye panga. Anania alikuwa ameingia kwa upande wa juu na alikuwa akifyeka mahindi mazima, yale yaliyopona, kwa mapigo mapana, mistari miwili kwa wakati. Mashina yalianguka yakitoa maji.

"Mahindi ya ukungu!" alipiga kelele. "Mahindi ya maiti! Nani atakula uchawi huu?"

Conjesta ndiye aliyekuwa karibu. "Anania, weka chini hilo panga, mtoto wa watu!" Alinyoosha mkono, na panga likashuka likiwa njiani kwenda kwenye shina jingine. Sijui hadi leo kama alikusudia. Lilimpasua mkono kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, nyama ikafunguka nyeupe kwanza, kisha damu ikaja.

Wanawake hawakupiga yowe. Mmoja alimkamata Anania mguu. Mwingine alijitupa kwenye mkono wenye panga akauuma mpaka vidole vikaachia. Wa tatu, wa nne, walimwangukia mgongoni, na kila alipomtikisa mmoja wawili walimlalia, miili juu ya miili, mpaka sikuona tena sehemu yoyote ya Anania isipokuwa kisigino kimoja kikichimba udongo. Mfano wa zile seli bapa ulinijia akilini waziwazi, nikauonea aibu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama nikifikiri mfano huku Conjesta akivuja damu. Ndipo nilipovua shati na kukimbia kumfunga.

Nilipoinua kichwa, Dorosela alikuwa amefika na jembe. Wanawake walimfungulia nafasi kidogo, bega moja tu la mwanamume likatokeza. Alilipiga mara moja, kwa kisogo cha jembe. Nilisikia mfupa. Anania alilia kwa sauti ambayo sikutegemea mtu mzima awe nayo. Dorosela aliinua jembe tena, akalishikilia juu kwa mkono wake uliopinda, kisha akalishusha taratibu na kulitumia kama mkongojo. Sikumzuia kwa lolote. Sijui kama ni kwa sababu niliona ana haki, au ni kwa sababu siku zote mimi huwa sizuii.

Conjesta alishonwa kwenye kituo cha afya, nyuzi ishirini na mbili. Anania alifungwa bega.

Jumamosi ukoo ulifika: watu kumi na wawili, Mzee Methodi mbele akiwa na koti zito na fimbo. Walisimama katikati ya shamba, kati ya mahindi yaliyosimama na yaliyofyekwa. Anania alisema wa kwanza, mkono ukining'inia kwenye khanga.

"Amenivunja, baba. Na shamba limeliwa, wote mnaona. Wiki mbili alikuwa anawatazama viwavi kama kuku wake. Mvivu na mchawi."

"Ni kweli uliwaacha wiki mbili?" Mzee Methodi alimuuliza Dorosela.

"Kweli."

"Kwa nini?"

Dorosela alinyamaza. Nilielewa kwamba hatalitaja jina langu. Alikuwa amenitaja mara moja kwa Conjesta, ikatosha. Ukimya ule ulikuwa njia yangu ya kutokea, na kwa kitambo kidogo niliitazama.

"Mimi ndiye niliyemwambia asubiri," nilisema. "Niliona madoa meusi nikadhani viwavi wanakufa. Walikuwa wanapona. Yeye alinitii. Kosa la wiki mbili ni langu, si lake."

"Kumbe msomi!" Anania alicheka, kisha akashika bega lake kwa maumivu.

Mzee Methodi hakucheka. Alitembea hadi kwenye mhindi mzima, akachuma kiwavi mkavu kutoka kwenye ncha ya jani, akamsugua, unga wa kijani ukabaki kidoleni. Alikwenda kwenye robo iliyoliwa, akarudi. Alikwenda kwenye mistari iliyofyekwa, akahesabu mashina kwa fimbo, polepole, mpaka watu wakaanza kukanyagakanyaga kwa baridi.

"Huku amekula kiwavi," alisema hatimaye. "Kule limekula panga. Kiwavi hatukumwita kwenye kikao, hakutuahidi lolote. Wewe, Anania, tulikuita. Ulijipiga kifua ukasema utasubiri tuje. Hukusubiri siku moja iliyobaki." Akaweka fimbo chini. "Bega lako na mkono wa Dorosela, hayo yameisha; asiyeridhika aende polisi na yule mama aliyeshonwa aende naye. Shamba ni la Dorosela mpaka kufa kwake. Atakayeingia humu bila kumwomba yeye, ameniingilia mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba mmoja alikohoa. Watu walianza kutawanyika kuelekea barabarani, kila mmoja akikata njia yake mwenyewe katikati ya mahindi, wakizungumza juu ya mvua na bei ya mbolea, na Mzee Methodi akiwatangulia.

"Subirini kwanza," Dorosela aliita.

Waligeuka wote.

"Mnanikanyagia mahindi. Piteni kwenye mfereji, mmoja mmoja."

Mzee Methodi alitazama miguu yake. Alirudi hatua nne, akaingia kwenye mfereji, na wengine wakajipanga nyuma yake, Anania akiwa wa mwisho, wakatoka shambani kwa mstari mmoja huku Dorosela akiwatazama mpaka wa mwisho akavuka.